Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Anasa ziko za namna mbili. Iko anasa ambayo gharama yake yote hulipwa na mwenye kuionja, na iko anasa ambayo sehemu ya gharama yake hulipwa na mtu asiyeionja wala hakuulizwa. Katika kurasa hizi nakusudia kusema juu ya anasa moja ya namna ya pili, nayo ni safari ya matembezi kwa meli kubwa katika bandari na fiodi za kaskazini ya Ulaya. Safari hii imepata sifa nyingi kuliko inavyostahili, na kwa kuwa sifa zake hupambwa kwa picha za kupendeza, ni watu wachache waliojitia katika kazi ya kuzipima.

Yamkini wewe, msomaji, utauliza: Mwanafunzi wa Kenya ana haja gani na milima ya Norwei? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake litakuja mahali pake. Kwa sasa nakuomba unifuate kwa subira, maana hoja isiyopimwa kwa mambo yaliyo mbali ni vigumu kupimwa kwa mambo yaliyo karibu.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi baina ya milima. Zamani za kale barafu nzito ilishuka kutoka milimani ikachimba mabonde kwa maelfu mengi ya miaka. Barafu ilipoyeyuka, bahari iliingia ikayajaza. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote za Norwei, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kina chake hufika mita 1,300. Geirangerfjord ni ndogo, yapata kilomita 15 tu, lakini uzuri wake ni mkubwa hata mwaka 2005 iliandikwa pamoja na Nærøyfjord katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika maji hayo membamba, yaliyozungukwa na kuta za mawe, huingia meli zenye urefu wa mita 300 na zaidi, zilizochukua watu elfu kadhaa. Hufika asubuhi, hutia nanga, humwaga watu nchi kavu, na jioni huondoka. Kesho yake wako Ålesund, kesho kutwa wako Bergen, na juma likiisha wamerudi Hamburg au Kiel au Copenhagen walikotoka.

Matangazo ya safari hizi huahidi mambo matatu. Ahadi ya kwanza ni kuwa abiria atazijua nchi nyingi katika siku chache. Ahadi ya pili ni kuwa hatapata taabu yo yote. Ahadi ya tatu ni kuwa kila mahali atakapofika patafaidika kwa kufika kwake. Mimi nasema kuwa ya kwanza si kweli, ya pili si bure, na ya tatu ni kweli nusu. Na nusu ya kweli, msomaji, ni hatari kuliko uwongo mzima, kwa sababu uwongo mzima hujulikana mapema.

Tuitazame ahadi ya kwanza. Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani kuwa methali hii ilitungwa kwa kumfukuza mgeni. La hasha. Ilitungwa kwa kumheshimu. Mgeni wa siku mbili huonyeshwa sebule. Mgeni wa siku ya tatu huonyeshwa shamba. Hapo ndipo hujua udongo ni mgumu au laini, mvua imechelewa au imewahi, na mwenyeji wake hucheka kwa furaha au kwa adabu tu. Jembe ni mlango wa ujuzi. Sasa, abiria wa meli ya matembezi ni mgeni asiyefika siku ya tatu mahali po pote. Hufika siku ya kwanza katika bandari saba, akarudi kwao akasema kuwa ametembea siku saba.

Chukua mji wa Ålesund kuwa mfano. Abiria hushuka, huona nyumba za mawe zenye minara na mapambo ya maua na nyuso, huzisifu, hupiga picha, hurudi melini kula. Hajui, au huambiwa kwa sentensi moja iliyosahauliwa kabla ya chakula, kuwa uzuri ule ulizaliwa na msiba. Usiku wa tarehe 23 Januari, 1904, moto ulishika mji ule uliokuwa wa mbao, upepo ukauchochea, na asubuhi watu wapatao 10,000 hawakuwa na pa kulala katika baridi kali. Watu walijenga tena kwa mawe na matofali, na katika miaka michache mji ulisimama. Kila ua lililochongwa katika ukuta ni jibu la watu waliokataa kushindwa na majivu. Je, jambo hilo laweza kuonekana kwa macho tu? Macho huona ua. Ni akili iliyokaa na kuuliza ndiyo huona moto uliotangulia.

Au chukua maporomoko yaitwayo Dada Saba katika Geirangerfjord. Hakuna abiria asiyeyapiga picha. Kando ya maporomoko hayo, juu ya ukingo wa mwamba, pana nyumba za shamba liitwalo Knivsflå. Watu waliishi hapo, wakilima vipande vidogo vya ardhi na kufuga mbuzi, hata mwaka 1898 walipohama kwa hofu ya mawe kuwaangukia. Ng'ambo ya pili pana shamba la Skageflå, lililohamwa mwaka 1916. Husimuliwa kuwa wenyeji wa shamba lile waliivuta ngazi juu mtoza kodi alipokuja, na kuwa katika mashamba ya namna hiyo watoto wadogo walifungwa kamba kiunoni wasije wakatumbukia. Hofu yao haikuwa ya bure. Mwezi wa Aprili, 1934, katika fiodi ya Tafjord iliyo jirani, kipande cha mlima kilianguka majini, kikainua wimbi lililoua watu 40. Na hata leo uko mlima uitwao Åkneset wenye ufa unaopimwa mchana na usiku, ili watu wa vijiji vya Geiranger na Hellesylt wapate kuonywa mapema wakati wa hatari ukifika. Mwenyeji hutazama mlima ule akawaza watoto wake. Abiria hutazama mlima ule ule akawaza kama jua limekaa vema kwa picha yake. Wawili hao wamesimama mahali pamoja, lakini hawako katika nchi moja.

Iko mifano mingine. Katika mji wa Stockholm, Uswidi, pana meli ya vita iitwayo Vasa, iliyozama tarehe 10 Agosti, 1628, katika safari yake ya kwanza, ikiwa haijatoka hata nje ya bandari, na ambayo iliinuliwa tena mwaka 1961. Ilikuwa na mizinga mingi na sanamu za kuchongwa kutoka tezi hata omo, lakini ilikuwa nzito juu na nyepesi chini. Kabla ya safari, mabaharia walikimbizwa sitahani kutoka ubavu huu hata ubavu huu ili kuijaribu. Meli ilisukasuka kwa namna ya kutisha hata jaribio likasimamishwa. Walakini, mfalme aliitaka meli, na hakuna aliyethubutu kuizuia. Katika dunia nzima ni vigumu kupata somo kubwa kuliko hilo juu ya fahari na ukimya wa wanaojua. Abiria wa matembezi hulipitia kwa saa moja, kisha hurudi katika meli yake iliyopambwa kutoka tezi hata omo.

Natoka katika ahadi ya kwanza naingia katika ya pili: kuwa safari hii haina taabu. Nasema kuwa taabu haikuondolewa; imehamishwa. Kitanda kilichotandikwa kimetandikwa na mtu. Sahani iliyooshwa imeoshwa na mtu. Meli nyingi za matembezi zimeandikishwa katika nchi kama Bahamas, Panama na Malta, ijapokuwa wenye mali wanaishi kwingine, na watumishi wake hutoka Filipino, Indonesia, India na nchi nyingine ambazo mshahara mdogo wa baharini waweza kuwa mkubwa nchi kavu. Vijana wa Kenya nao wamo. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, waruhusu kazi isiyozidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma. Angalia vema, msomaji: hicho ni kipimo cha juu kilichowekwa kumlinda mtumishi, na bado ni kirefu kuliko kazi ambayo abiria mwenyewe angekubali kuifanya nyumbani kwake. Mtumishi huyo amepita katika fiodi ile ile mara nyingi kuliko abiria, lakini yamkini ameiona kwa kupitia dirisha dogo la jikoni. Sisemi kuwa kazi hiyo ni aibu. Kazi ya halali si aibu kamwe. Nasema kuwa ni aibu kuuza safari kwa jina la raha isiyo na taabu, hali taabu yake imefichwa chini ya sitaha.

Tena iko taabu ya hewa. Meli kubwa ni mji unaoelea: huhitaji umeme wa taa, wa majiko, wa friji na wa mabwawa ya kuogelea, hata inapokuwa imetia nanga. Umeme huo hutokana na mitambo inayochoma mafuta. Katika bahari wazi upepo huutawanya moshi. Katika fiodi nyembamba, siku isiyo na upepo, moshi hulala bondeni kama blanketi, na watu wa kijiji huuvuta. Ni kweli kuwa sheria zimekazwa. Tangu mwaka 2015 meli zipitazo Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki zimelazimishwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.10, au kuusafisha moshi wake kwa kipimo hicho. Mwaka 2018 Bunge la Norwei liliazimia kuwa meli za matembezi na feri zipitazo katika fiodi za urithi wa dunia zisitoe moshi mchafu tena, na kuwa jambo hilo litimie kabla ya mwaka 2026 kupita. Watu walishangilia. Lakini siku ilipokaribia, amri ilibadilishwa: meli ndogo, zilizo chini ya tani 10,000, zilitakiwa kutii tangu Januari 2026, na meli kubwa zikaongezewa muda hata mwaka 2032. Sababu iliyotolewa ni kuwa ufundi kwa meli kubwa haujawa tayari. Sababu hiyo ina uzito, siikatai. Walakini, mtu wa kawaida ana haki ya kuuliza kwa nini mwenye moshi kidogo ashikwe kwanza na mwenye moshi mwingi aachwe kwanza. Ikiwa chombo hakijawa tayari kupita mahali bila ya kupadhuru, njia ya haki ni chombo kisubiri, si mahali pasubiri.

Taabu nyingine hujificha mpaka siku ya dhoruba. Tarehe 23 Machi, 2019, meli moja ya matembezi yenye watu 1,373 ilizimikiwa na mitambo katika bahari kali ya Hustadvika, pwani ya Norwei, ikasukumwa karibu na miamba. Helikopta ziliwainua mamia ya abiria mmoja mmoja katika upepo mkali, na watu wa pwani wakawapokea. Kwa rehema hakuna aliyekufa. Siku ile wageni waliwajua wenyeji wao kwa kweli, lakini ni huzuni kuwa ilihitajika dhoruba ili watu wajuane.

Sasa ahadi ya tatu, ile ya faida. Watetezi wa meli hizi husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ni nzuri, lakini tuitumie kwa haki. Mgeni wa methali hula kwa mwenyeji na kulala kwa mwenyeji, akaacha baraka nyuma yake. Abiria wa meli amekwisha lipia kitanda na chakula kabla hajatoka kwao, na fedha hizo zimekwenda kwa wenye meli. Kijijini hununua kikombe cha kahawa, kofia ya sufi na picha ya posta. Bandari hupata ushuru wake, dereva wa basi hupata nauli, kiongozi wa wageni hupata ujira. Hayo ni kweli, na asiyeyataja si msema kweli. Lakini tia katika mizani upande wa pili. Kijiji cha Geiranger kina wenyeji mia mbili na kitu. Siku meli mbili kubwa zinapofika, kwa kila mwenyeji mmoja huwa wageni ishirini na zaidi. Barabara moja hujaa, mgeni aliyekuja kukaa juma zima nyumbani kwa wenyeji huona kero, na mwakani haji. Hivi ndivyo mgeni wa saa chache anavyomfukuza mgeni wa siku nyingi.

Usidhani kuwa haya ni malalamiko yangu peke yangu. Mji wa Bergen, ambao umeishi kwa biashara ya bandari tangu karne za wafanya biashara wa Hansa walioleta nafaka na kuchukua samaki wakavu, umeweka mpaka: meli zisizidi tatu kwa siku, na abiria wasizidi 8,000. Halmashauri ya Amsterdam, Uholanzi, iliamua mwaka 2023 kuwa meli hizo ziondolewe katikati ya mji. Hiyo ni miji ya watu wa bahari, wanaojua faida ya chombo. Watu wa namna hiyo wakianza kuhesabu meli, ni dhahiri kuwa wameona hasara iliyozidi faida.

Watakuja wapinzani wangu wakasema: Je, wazee na wagonjwa wasiotembea kwa miguu wasione dunia? Hoja hii ni ya huruma, nami naiheshimu. Lakini jawabu lipo, tena liko katika pwani ile ile. Tangu mwaka 1893, nahodha Richard With alipoanzisha safari za meli Vesteraalen kutoka Trondheim hata Hammerfest, pwani ya Norwei imekuwa na meli za kazi. Zilichukua barua, mizigo, samaki, wakunga, walimu na wagonjwa. Safari hiyo ipo hata leo, kati ya Bergen na Kirkenes, ikitua katika bandari 34. Na mzee aketiye dirishani humo huona mlima ule ule, ila ameketi karibu na mwenyeji aendaye kumtazama mjukuu wake. Kadhalika, mwaka 2015 feri iitwayo Ampere ilianza kuvusha magari katika Sognefjord kwa nguvu ya betri, na mwaka 2018 chombo cha betri kichukuacho watu 400 kilianza kuwatembeza wageni katika Nærøyfjord bila ya moshi. Basi si kweli kuwa hatuna budi kuchagua baina ya kuharibu na kukaa nyumbani. Njia ya tatu ipo. Ila ina faida ndogo kwa wenye meli kubwa.

Wengine watasema: Fedha ni zangu, nina uhuru wa kuzitumia nitakavyo. Naam, una uhuru wa fedha zako. Huna uhuru wa pafu la mtoto wa Geiranger. Uhuru ni kama moto wa jikoni: katika mafiga yake hupika chakula, nje ya mafiga yake huchoma nyumba.

Sasa nalijibu swali nililoliahirisha. Mwanafunzi wa Kenya ana haja na mambo haya kwa sababu tatu. Kwanza, bahari ni moja, na meli zile zile zikimaliza majira ya joto ya kaskazini hutafuta jua kusini. Kilindini hupokea meli za matembezi, na katika pwani yetu pana Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu, iliyotiwa mwaka 2011. Vichochoro vya Lamu havikujengwa kwa ajili ya watu elfu nne wa asubuhi moja. Atakayeamua ni wageni wangapi, wa namna gani na kwa masharti gani, yamkini amekaa leo katika darasa lako. Afadhali ajifunze kwa hasara ya Geiranger kuliko kwa hasara ya kwao. Pili, baadhi yenu mtafanya kazi katika meli hizo. Ijueni sheria ya saa zenu kabla hamjatia sahihi. Tatu, wengine mtapata mali ya kusafiri, na hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa.

Kwenu ninyi nawausia hivi. Ukipata fedha ya kuona bandari saba, ona moja. Jifunze salamu ya watu wake na jina la samaki wao. Lala kwao, kula kwao, uliza ni nini kiliungua, ni nani alihama, na mlima upi unaogopwa. Kaa hata siku ya tatu ifike. Na mwenyeji akikupa jembe, lishike.